Setilaiti ya Kapteni

Jumatatu, 10 Juni 1974

Leo nimejitolea. Mimi, nisiyejitolea hata kufungua dirisha!

Kapteni, mkuu wa ofisi yetu, aliingia na kijitabu cha Kiingereza kuhusu setilaiti. Anataka maneno yake yaelezwe kwa Kiswahili, ayasome Ijumaa mbele ya maofisa wa usalama kule Naguru. Akauliza nani anaweza. Nashon Masinde, karani Mkenya wa meza ya pili, akaanza kusafisha koo. Nikasimama kabla hajamaliza kukohoa.

Fikira yangu ni hii. Mimi Mwacholi, na tangu Rais wetu, mwanajeshi, ashike nchi, Waacholi wa ofisi hii wanazidi kupungua. Mtu mwenye manufaa hachukuliwi na askari usiku. Nadhani.

Masinde alicheka tu. Akasema, Erinayo bwana, Kiswahili chako ni cha kamusi, hakijawahi hata kununua nyanya sokoni Kalerwe. Wivu!

Jumanne, 11 Juni

Kazi nzuri. Setilaiti: kwanza niliandika "chombo kinachomzunguka mkubwa wake". Nikafuta haraka. Kumzunguka mkubwa ni kumhadaa, na watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Sasa ni "kitu kinachozunguka kitu kingine kilicho kikubwa zaidi, kama mwezi unavyoizunguka dunia". Tahadhari!

Obiti: njia yake angani. Upeo wa mbali: pale ilipo mbali kabisa na dunia. Upeo wa karibu: pale inapoisogelea dunia, na ndipo inapokwenda kasi zaidi. Hapo naielewa sana setilaiti. Mimi pia nikipita mlango wa Kapteni mwendo huongezeka. Mwinamo: pembe kati ya njia hiyo na ikweta. Setilaiti tuli: ile iliyo juu sana, usawa wa ikweta, inayokwenda pamoja na dunia, hivyo kutoka chini huonekana imesimama.

Likabaki neno la safari moja kamili kuizunguka dunia. Kamusi ilinipa mawili. Nikachagua la kwanza, mapinduzi. Neno zito, lenye heshima.

Adyero, mpiga taipu wetu, alisoma, akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake ni vidole. Alipomaliza alimpelekea Kapteni moja kwa moja.

Jumatano, 12 Juni

Ole wangu.

Mchana nilikuwa Kalerwe na Masinde, tunakula maharage kwa mama mmoja mwenye redio. Redio ikasema katika nchi fulani ya mbali jeshi limefanya mapinduzi, rais ametoroka. Kijiko kikaniponyoka.

Niliandika hivi, kwa mkono wangu: "Setilaiti ya chini hufanya mapinduzi kila baada ya saa moja na nusu." Na hivi: "Setilaiti tuli hufanya mapinduzi mara moja kwa siku, juu ya vichwa vyetu, bila kuonekana ikisogea."

Mbele ya maofisa! Kwa sauti ya Kapteni!

Masinde aliuliza kama naumwa na tumbo. Akanilipia maharage.

Alhamisi, 13 Juni

Nia yangu ilikuwa safi: kuingia kwa Kapteni akiwa nje na kuliondoa lile neno. Nikaingia. Karatasi ilikuwa mezani. Nikasikia buti kwenye ngazi. Sikusoma hata mstari mmoja. Mkono wangu ukafanya jambo ambalo sikuutuma. Chini ya ukurasa uliandika: Imetafsiriwa na N. Masinde.

Nilipotoka, Masinde alinikaribisha njugu. Nilichukua. Nikazitia mfukoni.

Ijumaa, 14 Juni

Naguru. Kapteni alisoma muda mrefu. Sikusikia kitu, masikio yalinivuma. Mara akakunja karatasi na kunguruma: "Masinde! Masinde ni nani hapa?"

Masinde alisimama, akasema afande, hii si kazi yangu, ni ya ndugu Erinayo. Alisema kwa fahari, kama mtu anayemtambulisha mdogo wake. Kapteni akanigeukia. Nikaapa kwamba karatasi hiyo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Masinde alinitazama. Akaingizwa kwenye gari la Kapteni, likaondoka.

Jumapili, 16 Juni

Sikuenda kanisani. Ningemwambia nini Mungu ambacho hakukiona?

Nabwire, mke wa Masinde, alikuja kwangu. Akauliza, shemeji, mlikuwa wote, umemwacha wapi? Nikasema labda kazi. Akasema hata sweta hakuchukua. Akasimama mlangoni kama anayengoja nimalizie.

Nimeamua. Kesho nitamwambia Kapteni ukweli wote. Ikibidi.

Jumatatu, 17 Juni

Masinde yuko hai! Yuko juu, chumba cha karibu na Kapteni, na amepewa nyumba nzuri kule Bugolobi. Kapteni alimpeleka Jinja kusoma maneno yale yale kambini. Aliyapenda mno.

Adyero amenieleza kwa upole, na upole huo ndio uliniumiza. Jumanne ile alimwonyesha Masinde lile neno. Masinde akamwambia apige "mzunguko", na wasiniambie, nisije nikaaibika.

Nilipanda kumpongeza. Alikuwa anakula njugu. Hakunikaribisha. Alisema tu kwamba ile herufi M ya jina lake chini ya karatasi ni mwandiko wangu, anaujua, na kwamba Nabwire hajalala siku zote hizo. Kisha akaniomba nifunge mlango nikitoka. Nilikaa ngazini. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine kama yule, na sasa sina hata yule. Nimejiapiza: sitafanya hivi tena, kwa mtu yeyote.

Mchana Kapteni alishuka. Limebaki neno moja, setilaiti inapofikia mwisho wake. Nani anaweza? Saverio, karani mpya, akaanza kusafisha koo. Nikasimama.

Safari hii nimekuwa mwangalifu kupita kiasi. Nimelipima kila neno, na mapinduzi hayamo popote. "Kuanguka: aliyejiweka juu hukaa huko kwa kasi yake tu. Kasi ikipungua hushuka kidogo kidogo, asijue, hadi siku moja aungue mbele ya macho ya wote. Hakuna wa kumzuia." Nimetumia hata ngeli ya watu, kwa heshima.

Naona ni kazi yangu bora kabisa. Chini yake, kwa usalama tu, nimeandika: Imetafsiriwa na Saverio.