Robo Yangu ya Mashua

Jumatatu, 2 Septemba
Siku ya kwanza ya kustaafu. Miaka thelathini na moja kwenye mizani ya bandari ya Kismayu, na leo niko nyumbani kisiwani Kudha, sina hata gunia moja la kupima. Akiba ya uzeeni ninayo: dola elfu tatu. Mke wangu Mwanabibi anataka mabati mapya kabla ya mvua za vuli. Kaka yake, Gharibu, kasema ninunue mbuzi, kwa kuwa mbuzi huuzika siku yoyote. Mbuzi! Fikra za huyu shemeji hazijawahi kutoka zizini.

Mimi kuna bwana mmoja wa mkahawani Kismayu aliyenifungua macho. Wenye akili, alisema, huweka sehemu ya akiba yao kwenye mali isiyouzwa sokoni. Haina bei ya kila siku, basi haikupandishi presha kila siku. Inakaa, inaiva, miaka ikipita unavuna. Alisema fungu moja kati ya matano, lisizidi. Hiyo ni kwa wenye roho ndogo. Nimenunua robo ya mashua anayoiunda fundi Zubeiri. Kwa dola zote! Mwanabibi nimemwambia mabati yake yatakuja kwa njia ya bahari.

Alhamisi, 5 Septemba
Swali moja linaniwasha: robo yangu leo ni bei gani? Nimemuuliza Zubeiri asubuhi. Akajibu, misumari mdomoni, kuwa chombo hupata bei kikishalowa. Nimemuuliza adhuhuri. Nimemuuliza alasiri. Jibu lile lile, ila sauti imepanda. Ajabu! Bandarini hakuna kilichonipita bila kujulikana uzito wake, hata kitumbua cha bosi.

Jumamosi, 7 Septemba
Zubeiri alikwenda kuswali dhuhuri. Mimi nilikuwa nimeshaswali kwangu, upesi upesi. Nikachukua futi na chaki ya madrasa, nikapima kila ubavu wa mashua, nikauandikia bei yake. Pale mbele, penye mbao nzuri, nikaandika jumla kwa tarakimu kubwa ili ionekane mpaka ufukweni. Imepanda! Robo yangu ni dola elfu tatu na mia nne. Nilikaa kuitazama nikajisikia kijana.

Msikitini watu wakatoka. Lo! Zubeiri aliokota tezo lake la kuchongea, akaona namba, akalitua tena mchangani. Eti mtu hathamini chombo kikiwa bado juu ya magogo, anakitia kijicho. Eti baba yake, na babu yake, hawakuwahi hata kutaja idadi ya mbao mbele ya watu. Kazi imesimama mpaka achinjwe mbuzi na isomwe Kurani. Na mbuzi ni juu yangu.

Jumapili, 8 Septemba
Mbuzi Kudha nzima anaye nani wa kuuza? Gharibu. Nimemkopa. Alitabasamu tangu zizini mpaka mlangoni kwangu.

Jumatano, 11 Septemba
Kisomo kimesomwa, mbuzi kaliwa, kazi imeanza. Saa tatu asubuhi ubao ukapasuka ukikunjwa. Mafundi wote wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa mbali, wallahi, nanywa kahawa!

Halafu mvua ya ghafla. Paa limevuja juu ya mto wangu. Mwanabibi alisogeza kitanda, akatega sufuria, na hilo ndilo lililonikata maini. Mwanamke huyu amekinga matone kwa sufuria miaka mingapi, na mimi nimempa ahadi tu.

Nikamwendea Zubeiri anirudishie fedha yangu. Akaninyooshea mashua. Robo yangu ile pale, kasema, imeshapigiliwa misumari. Nikitaka niing'oe, ila nisiharibu za wenzangu.

Ijumaa, 13 Septemba
Gharibu kaja na habari. Yuko mnunuzi wa robo yangu. Anatoa nusu, dola elfu moja na mia tano, na hataki kutajwa jina. Nimeuza. Nimelipa mbuzi. Mwanabibi hajui kitu. Jumatatu nitakwenda Kismayu kununua mabati.

Jumatatu, 16 Septemba
Sikwenda. Nilipita kuangalia tu mashua imefika wapi. Inapendeza mno.

Jumanne, 1 Oktoba
Mashua imeshuliwa majini Ijumaa, kisiwa kizima kikivuta kamba, hata mimi. Safari tatu, kamba wa baharini na nguru mpaka hakuna pa kukanyaga! Fungu la chombo likagawiwa wenyewe, na mimi nimesimama pembeni natoa pongezi. Nimeumia, nasema kweli.

Nikamwuliza Gharibu kama yule bwana atauza. Akaenda, akarudi upesi ajabu. Atauza nusu ya ile robo, kwa elfu moja na mia nne. Nimenunua! Mwekezaji hodari hatupi nafasi.

Alhamisi, 3 Oktoba
Mashua imetoka Kismayu na mabati. Mapya, yanang'aa. Nikauliza ya nani. Mabaharia wakasema ya Mwanabibi.

Nimemkuta anahesabu misumari. Aliuza bangili zake za dhahabu, kasema, alipoona nimekiandikia chombo cha watu bei kwa chaki. Robo aliinunua yeye. Nusu yake kaniuzia mimi, na nusu anayo bado. Mnunuzi asiyetaka kutajwa jina alikuwa akinipikia uji kila asubuhi! Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nikamwomba radhi. Akanipa nyundo, akanionyesha ngazi.

Jumamosi, 5 Oktoba
Mvua usiku kucha, hatukulowa. Nimetafakari kwa kina. Nilisema mabati yatakuja kwa njia ya bahari, na yamekuja. Uwekezaji wangu umefaulu.

Gharibu kaleta habari nyingine. Ipo miche mia ya minazi, haizai mpaka miaka saba, na katikati haina bei kabisa. Nimebadilishana nayo ile thumni yangu ya mashua. Mwenye miche hataki kutajwa jina. Watu wasiojitangaza ndio waaminifu. Nimemweleza Mwanabibi yote, safari hii sikuficha. Amecheka hata akakaa chini, na sijui kilichomchekesha ni nini. Kesho naipeleka chaki kwenye minazi.