Bwawa la Umeme la Mgogoni na Ulinzi wa Kisiwa

Bwawa la umeme limepatikana, tena la kwetu wenyewe, hapa hapa Mgogoni! (Vigelegele.) Haya, sasa salamu. Mheshimiwa Sheha, Mheshimiwa Imamu, waheshimiwa mashehe, waheshimiwa mabibi wa bonde la mpunga, na waheshimiwa wageni kutoka Mtambile mliodhani mnakuja harusini, asalamu alaykum.

Mie Bi Ummkulthum, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bwawa, na mama mzazi wa Injinia Hafidh aliyeko chuoni bara, mwanangu wa kumzaa (makofi, mengine ya kwangu), nachukua fursa hii adhimu kuwafahamisha kwamba, kwa mujibu wa stratejia ya ulinzi, umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na siku ya vita adui mwenye akili zake ataanza na waya huo, kisiwa kizima kiwe kiza, isipokuwa Mgogoni, tutakaowaka kwa asilimia mia na ishirini, majenerali waje kwetu kuchaji simu. (Mzee Himid: "Vita na nani, Bi Ummkulthum?") Adui bado yuko kwenye mchakato, Mzee Himid. ("Na tukiwaka peke yetu, si ndo atatuona sie?") Hoja imepokelewa. (Kicheko.)

(Bi Mwatum anasimama: "Dada, mvua hiyo inakuja. Umetuzuia kupanda bondeni, eti patajaa maji. Wanangu waje kula megawati?")

Hawatakula, mdogo wangu, na ndiyo maana nahitimisha. Umeme wetu, ulinzi wetu! (Ulinzi wetu!) Mgogoni hoyee! (Hoyee!) Namshukuru Sheha kwa viti, na kwa namna ya pekee namshukuru mwalimu wa Hafidh, aliyempa alama za juu kwa kulichora bwawa hili kwenye zoezi la darasani, ambako ndiko liliko mpaka leo, na aliyenipigia simu jana kunieleza, kwa adabu kubwa, kwamba kijito chetu, ambacho kiangazi kuku hukivuka bila kulowa magoti, hakina nguvu ya kuzungusha hata feni. Lakini mchoro mzuri, wallahi! (Kicheko kirefu.) Basi bonde ni huru, mbegu natoa mie, na tutaanza na konde la Mwatum. Nakutakeni nyote, Sheha na wageni wa Mtambile pia, na majembe mikononi, baada ya sala ya alfajiri, Jumamosi.