Bibi Harusi wa Inchi Kumi na Saba

Asubuhi ile Sentimita aliona mambo mawili kwa mpigo: magurudumu manne yanayong'aa, na mwanamke wa makamo akishuka garini huku ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Gari lenyewe hakuliangalia. Lilikuwa jeupe kama magari mengine elfu moja ya mjini, na Sentimita hakuwa mtu wa kupoteza macho.

“Shemeji,” alinong'ona, “riziki imeegesha.”

Shemeji alikuwa amekalia tairi akinywa chai. Alikuwa kaka mkubwa wa mke wa Sentimita, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na kazi yake pale kibandani ilikuwa kupiga jeki. Alijibu kwa kuweka kikombe chini.

Hapa yafaa tueleze biashara ya mabwana hawa, maana ilikuwa biashara safi, isiyo na madoa isipokuwa ya grisi. Ndani ya kibanda, juu ya kitambaa cheupe, walikuwa na seti moja ya ringi za inchi kumi na saba, nyeusi zenye ukingo wa fedha, zimevishwa matairi manene. Ziliitwa Bibi Harusi. Ziliitwa hivyo kwa sababu zilikuwa zimeshaolewa mara kumi na moja, na kila mara zilirudi kwao.

Siri ilikuwa kwenye jeki. Gari likinyanyuliwa, gurudumu huning'inia chini, mbali na bati la fenda. Ukiongeza na usukani ulionyooka na viti visivyo na mtu, hata gurudumu la trekta litaonekana limekaa vizuri. Mteja alitazama, akacheka peke yake kwa furaha, akaongeza hela, akaziacha ringi zake za zamani kama nusu ya malipo. Kisha akaenda zake moja kwa moja. Tatizo ni kwamba hakuna mtu ambaye nyumba yake iko moja kwa moja. Akikata kona, tairi lilikwaruza mbele. Akipakia familia, lilikwaruza nyuma. Siku ya tatu alirudi anafoka.

Hapo Sentimita alimpokea kwa huzuni ya daktari. Alimwonyesha kibao ukutani: MALI IKISHAFUNGWA NATI HAIRUDI. Halafu, kwa huruma tu, alijitolea kumwondolea Bibi Harusi na kumfungia ringi za chuma zilizoshika kutu, za bure, ili afike kwake. Ringi zake za zamani? Zilishauzwa juzi. Mteja wa tisa, mwalimu wa udereva, ndiye aliyeumia kuliko wote, kwani kazi yake nzima ni kukata kona. Alisimama pale kibandani akitaka kulia, na Sentimita alimpa maji ya kunywa.

Jambo moja tu lilimkosesha Sentimita usingizi. Bibi Harusi hakuwa wake. Alikuwa wa Shemeji, na siku alipomkabidhi, Shemeji alitoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake: “Kwetu umechukua vitu viwili. Dada yangu na ringi zangu. Kimoja kikipotea, nakuja kuchukua kilichobaki.”

Na Sentimita alimpenda mkewe. Hili si la utani. Mkewe alikuwa mtu pekee mjini ambaye Sentimita hakuwahi kufaulu kumdanganya, si kwa kutokujaribu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Haya, sasa niambie ilivyokuwa.” Kuhusu kazi yake alimwambia neno moja tu: “Wewe endelea. Siku moja utapima kitu kikae sawa kwa bahati mbaya.”

“Shikamoo mama,” Sentimita alimwambia mwanamke yule wa gari jeupe, akichomoa futi ya chuma kiunoni.

“Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mtaalamu wa kupima?”

“Sifa nawaachia watu, mama. Mimi napima tu.”

Akapima. Alipima tairi, akapima fenda, akapima umbali kati ya taa mbili za mbele, jambo lisilohusiana kabisa na magurudumu, akaandika namba zote daftarini na kuzipigia mstari. Ukweli ni kwamba Sentimita hakujua namba zile zina maana gani. Hakuwahi kuhitaji kujua. Mtu anayeuza kitu ili kisikae ana faida hiyo, hasumbuliwi na hesabu.

“Gari lako linaonewa, mama,” alisema.

“Linaonewa na nani?”

“Na viatu. Mtu mzima anatembezwa na ndala.” Akalivuta pazia, na Bibi Harusi akaonekana.

Mama yule alishika kifua. Alizunguka mara mbili. Alisema yeye ni fundi wa nguo, mambo ya magari hayajui, lakini kitu kizuri hata kipofu atakigusa. Sentimita alimvisha kilemba cha ukoka, akamwambia macho yake ni ya kitaalamu. Kuhusu magurudumu yake yanayong'aa aliuliza kijuujuu tu, maana aliishi kwa kanuni moja: usiitazame sana mali ya mteja mbele ya mteja, asije akagundua kwamba ina thamani.

“Hizi nilizokuja nazo ni za ng'ambo,” mama alisema kwa unyonge. “Marehemu alizipenda sana.”

“Basi nitazihesabu vizuri, mama, kwa heshima ya marehemu. Wewe utaongeza kidogo tu.” Moyo wake ulikuwa unacheza ngoma.

Mama akainama akasoma ubavu wa tairi. “Hapa pameandikwa mia mbili ishirini na tano, halafu hamsini na tano. Mbona makubwa hivi? Haya si yatakunywa mafuta?”

“Ni namba za kiwandani, mama. Usizijali.”

“Yale ya kule nyuma yameandikwa mia mbili na tano, halafu hamsini. Ringi hizi nivalishie yale. Mimi ni mtu wa namba ndogo.”

Yale ya kule nyuma yalikuwa matairi manne mapya ya inchi hizo hizo, yaliyokaa mwaka na nusu bila kuulizwa hata bei, kwa sababu yalikuwa membamba na wateja wa Sentimita walipenda unene. Sentimita alijifanya anaumia. Alishusha pumzi, akatazama juu, akakubali. Akamkonyeza Shemeji: mzigo uliolala umeamka.

Ilibaki karatasi. Kila mteja aliweka sahihi chini ya maneno yale yale ya ukutani. Mama aliweka yake, kisha akamrudishia kalamu.

“Na wewe, mwanangu.”

“Mimi tena?”

“Kwangu mteja akiweka sahihi, na mimi naweka. La sivyo ataniletea gauni baada ya kunenepa, aseme nimemharibia.”

Sentimita akaweka sahihi yenye mikunjo miwili. Shemeji akaweka ya shahidi, pamoja na alama ya dole gumba ambayo hakuna aliyeiomba. Nakala moja kila upande. Gari likashushwa, mama akaaga kwa adabu, akaondoka moja kwa moja.

“Tumelamba dume!” alisema Sentimita. “Sasa nione hizo za ng'ambo.”

“Ni zetu,” alisema Shemeji.

“Najua ni zetu, ameshaziacha.”

“Zetu za zamani.” Shemeji akabandua kifuniko cha plastiki kinachong'aa. Chini yake palikuwa na ringi ya chuma, kutu na vyote. “Hii niliichomelea mwenyewe. Ona mshono.”

Sentimita alipitisha kidole juu ya ule mshono. “Uliziona wakati unafungua nati?”

“Niliziona.”

“Na hukusema?”

“Ulisema nisifungue mdomo mbele ya mteja.”

Mtu mwingine angeanza kuogopa. Sentimita alicheka. Mwanamke mjanja, alikubali, lakini mjanja wa nguo. Amevika chuma gauni la plastiki, vizuri sana. Kwani ameondoka na nini? Ameondoka na Bibi Harusi, na Bibi Harusi hajawahi kumaliza wiki kwa mume. Atarudi keshokutwa anakwaruza, na safari hii kuvuliwa kutakuwa na ada.

Keshokutwa ikafika, mama hakufika. Siku ya nne Sentimita alianza kusimama barabarani kila gari jeupe lilipopita. Siku ya tano alikuwa anategea sikio hata baiskeli. Matairi manene ya Bibi Harusi yalikuwa yamebaki kibandani bila ringi, kama mikanda isiyo na suruali, na Shemeji aliyakalia akinywa chai.

“Jumamosi,” alisema Shemeji.

“Jumamosi kuna nini?”

“Zisiporudi.”

Hakumalizia. Ile hotuba yake ya kwanza ilikuwa bado inatosha.

Jumamosi asubuhi Sentimita aliuliza mafundi wa nguo mtaa kwa mtaa, na saa nne alimpata. Mama alikuwa amekaa barazani kwake nyuma ya cherehani, futi ya kitambaa shingoni. Mbele ya baraza palikuwa na uwanja mtupu, na uwanjani gari jeupe lilikuwa linazunguka polepole, usukani umekatwa hadi mwisho. Nyuma walibanana wanafunzi watatu wanene, wanasubiri zamu. Juu ya paa palikuwa na kibao cha shule ya udereva, na kando ya dereva alikaa mtu ambaye sura yake Sentimita aliikumbuka mara moja. Ni yule mwalimu wa udereva ambaye Sentimita alimpa maji ya kunywa.

Sentimita alisahau magari yote, lakini sura hakusahau hata moja.

“Karibu, mwanangu,” alisema mama. “Yule ni mdogo wangu. Mwezi mzima hakupata mwanafunzi. Nani ajifunze udereva kwenye ringi zile za kutu ulizomfungia?”

Sentimita aligeukia uwanjani. Alikuwa anasikiliza. Gari lilizunguka kushoto, likazunguka kulia, likapanda kijituta na watu wake wote. Hakuna kilichokwaruza.

“Haliwezekani jambo hili,” alisema. Hakuwahi kusema neno kwa uaminifu kiasi hicho.

“Wewe hupimi, mwanangu, unachezea futi. Mimi nikimpima mtu namwambia akae, ainame, anyanyue mikono. Akisimama wima tu kila nguo inamkaa. Wewe unapima gari likiwa hewani.” Alivuta uzi, akaukata kwa meno. “Siku tatu ambazo mdogo wangu alikaa nazo, tulipima kila mahali tairi lilipogusa. Matairi yake ya zamani, kutoka juu hadi chini, sentimita sitini na tatu na nusu. Yako manene, karibu sitini na nane. Ukimrefushia mteja gauni kiunoni, pindo ulipunguze, la sivyo ataburuza. Ringi yako imekua, basi ubavu wa tairi upungue. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni ubavu kwa kila mia ya upana huo. Nikapiga hesabu, nikatafuta namba ndogo. Na ulikuwa nazo mwenyewe, zimelala pale nyuma.”

“Mama,” Sentimita alisema. “Nirudishie. Si zangu. Nitampoteza mke.”

Mama alimtazama, na kwa dakika moja ilionekana anamhurumia. Kisha akafungua droo ya cherehani, akatoa karatasi, akamsomea. Mali ikishafungwa nati hairudi. Sahihi yake, mikunjo miwili. Shahidi, na dole gumba.

“Nenda nyumbani ukamwambie ilivyokuwa,” alisema mama. “Labda atakusikiliza.”

Uwanjani wanafunzi walikuwa wanashuka. Simu ya mwalimu iliita, akaipokea, akasema ndiyo, nafasi ipo, mizigo mingapi, akaondoka na gari.

Sentimita alikimbia. Njia nzima alipanga uongo, akauacha, akapanga mwingine, na alipokaribia kwake alikuwa ameamua, kwa mara ya kwanza, kusema kweli tupu tangu mwanzo. Alichelewa. Mlangoni palikuwa na gari jeupe lenye kibao juu. Shemeji alikuwa anasukumiza sanduku la chuma kwenye buti, juu ya masufuria, juu ya godoro lililokunjwa, na gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito. Mkewe alikuwa ameshaingia nyuma.

“Shemeji!” Sentimita alihema. “Unampakia kwenye gari hili?”

“Ringi ni zangu,” alisema Shemeji. “Mshono ule nilimfungia mwalimu, namba yake ya simu ninayo. Angalau nizipande mara moja.” Akaingia, na gari likazidi kushuka.

Sentimita alishika dirisha. “Mke wangu. Nisikilize. Safari hii nakwambia ilivyokuwa.”

“Najua ilivyokuwa,” alisema mkewe. Hakukasirika, na hilo lilimuuma zaidi. “Umepima, kikakaa sawa. Ufunguo uko kwa jirani.”

Gari likaondoka. Mwisho wa mtaa ule kuna kona mbaya, ya kulia, yenye mfereji na bonde katikati, kona iliyomrudishia Bibi Harusi mara tatu. Sentimita alisimama katikati ya njia, akakunja mikono kama mtu anayeomba dua. Kwaruza, alisema moyoni. Likikwaruza watasimama, Shemeji atashuka kuangalia, naye atapata dakika tano za kusema. Kwaruza kidogo tu.

Mwalimu alikata usukani hadi mwisho. Gari likashuka bondeni na watu wake, sanduku, masufuria na godoro, likapanda upande wa pili, likapotea.

Sentimita aliendelea kutega sikio mpaka jirani akatoka na ufunguo.