Kumtafuta Mganga wa Kunitoa Haya

Jumamosi, 5 Mfunguo Sita 1330

Jambo hili sijamwambia mtu. Siku tulipohitimu Kurani chuoni, sauti iliyowaliza wanawake wa mtaa haikuwa yangu. Tulifunikwa shuka moja, mimi na Shekha, binti wa ami yangu. Zamu yangu ilipofika koo likakauka. Shekha alikwisha soma fungu lake, akasoma na langu. Mimi nilichezesha midomo tu.

Sasa balaa! Mama ameahidi kuwa nitawasomea wanawake maulidi hapa nyumbani, Jumamosi ijayo. Peke yangu! Nimemwendea Shekha. Amecheka. "Binti ami, safari hii jifunike mwenyewe."

Nahitaji mganga wa kunitoa haya. Lakini mzuri, asiyetoa siri.

Jumapili, 6

Nimebuni mtihani. Kila mganga nitampa siri ya uongo, kisha ningoje. Siri ikizagaa mtaani, huyo hafai. Ikikaa, ndiye. Sijui kwa nini watu hawafanyi hivi.

Asubuhi, kwa Mwalimu Abdulghani, aandikaye aya sahanini kwa zafarani, ziwe kombe la kunywa. Nyanya alinisindikiza, akasinzia barazani. Nimemnong'oneza Mwalimu kuwa naogopa paka. Ameguna kwa huruma, akaapa kuwa yeye ana kifua. Nimelinywa kombe. Koo lile lile.

Alasiri, sokoni, kwa Mama Kadii, mganga wa Kigiriama aletaye mizizi kutoka Vitengeni. Mama akijua ataniua! Nimemnong'oneza kuwa nakula udongo wa ukutani. Ameitikia kwa kichwa, polepole, macho yamejaa hekima.

Jumanne, 8

Nilikwenda kununua uzi dukani kwa Gokaldas. Mkewe, Labhuben, alimfukuza paka wao kwa ufagio kabla sijavuka kizingiti. Akasema pole, amesikia. Watoto wameniandama wakilia nyau mpaka mlangoni. Kifua cha Mwalimu kina mlango wa nyuma!

Na udongo je? Nimemwuliza Labhuben kwa kuzunguka kama amesikia lolote kuhusu kuta zetu. Amesema zinataka chokaa.

Basi ni Mama Kadii!

Alhamisi, 10

Sokoni tena. Watu tele. Nimechuchumaa, nikamnong'oneza Mama Kadii siri ya kweli. Akaitikia kwa kichwa. Nikauliza dawa yake ni ipi. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo Kavumbi, auzaye mahindi kando yake, akanihurumia. "Mwanangu, piga kelele. Huyu hasikii tangu alipougua mwaka juzi."

Siku mbili zimebaki! Ningefanyaje? Nikavuta pumzi.

"SIKUSOMA MIMI! ALISOMA SHEKHA!"

Soko zima likageuka. Mama Kadii akatabasamu, akasema Shekha ni jina zuri, akanipa mzizi nitafune. Mchungu ajabu.

Nimefika nyumbani, habari imenitangulia. Mama hakunipiga. Alipangusa unga mikononi. Halafu akasema aibu amekwisha ipata, sasa anataka maulidi yake. Sauti iliyotoka sokoni ikamfikia jikoni inawatosha wanawake arobaini.

Jumapili, 13

Nimesoma! Koo halikukauka. Shekha alipita na mrashi, akaninyunyizia marashi machoni makusudi. Nikasoma nimefumba macho. Wanawake walilia. Mama naye alilia, na safari hii kwa sauti yangu.

Kumbe kosa! Ule mzizi ningetafuna nusu. Bibi saba wameniomba nikawasomee majumbani mwao, mmoja yuko Mambrui. Kila wiki! Mbele ya watu! Nahitaji upesi mganga wa kulikausha koo. Nasikia yuko mmoja Gede. Nitamjaribu kwanza, bila shaka. Nitamwambia kuwa nimeposwa kwa siri. Uongo mdogo, hauwezi kumdhuru mtu.

Nawe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, lisitoke kinywani mwako.