Cherehani ya Timu Iondolewe Kabla ya Jumamosi

Ndugu Mwenyekiti,
Timu ya Watoto ya Hoki ya Barafuni,
Dry Fork, Saskatchewan, Kanada.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mwenye haya kidogo. Mimi ni Darrell Hrynkiw, baba yake Tessa, golikipa wenu wa miaka kumi. Mwezi uliopita theluji ilinifungia shambani nikakosa mkutano wa wazazi. Nanyi, kwa desturi yetu tukufu ya kumtwisha kazi asiyekuwepo, mkanichagua kwa kura zote nishone majina kwenye jezi kumi na tano. Nashukuru kwa heshima hiyo. Sijawahi kushona hata kifungo. Mashindano ni Jumamosi, jezi isiyo na jina haiingii barafuni, na leo ni Alhamisi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Cherehani ya timu inakula uzi. Juu inajifanya inashona kwa adabu, chini inatapika bonge la nyuzi. Mimi naifungua mashine ya kuvunia ngano na kuifunga peke yangu, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa langu.

2. Nilipoitia grisi ya trekta ili ilainike, iliitema yote kwenye jezi ya mtoto wa mchungaji. Jezi ilikuwa nyeupe.

3. Wojciechowski. Herufi kumi na tatu, kwa mtoto mwenye mgongo wa upana wa sahani! Nani aliidhinisha?

4. Cherehani inaichukia familia yangu. Imeishona shingo ya jezi ya Tessa ikazibika kabisa, na jina letu linapanda begani kama linakimbia mbwa. Tessa aliigeuzageuza, akaniuliza, "Baba, sasa kichwa nipitishie wapi?" Mama yake alikwenda kucheka jikoni. Mimi sikucheka. Mwaka jana mtoto huyu alivunjika mkono, akayatazama mashindano kutoka benchi. Akiyakosa tena kwa mikono yangu, sijui nitamtazamaje.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote: mashindano yaahirishwe hadi barafu iyeyuke, kila familia yenye jina la herufi zaidi ya tano ilipunguze au ihamie mji wa jirani, yangu ikitangulia, cherehani ifukuzwe timu hadharani, na Bi. Marlys Oleksyn, aliyeitumia miaka kumi na tisa bila kunung'unika, ahojiwe alikuwa akituficha nini.

Wasalimie wajumbe wote, hasa wale walioniinulia mikono miwili.

Wako mtiifu, kwa kulazimishwa,
Darrell Hrynkiw

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Bi. Marlys alipita kutuletea pierogi, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Akaitazama cherehani, akakishusha kile kiguu cha chuma kinachobana kitambaa. Siku nne nzima nilikuwa nimekiacha juu. "Darrell mwanangu," akasema, "ulikuwa unangoja kishuke chenyewe?" Alikaa nami mpaka tukamaliza jezi kumi na nne, jina la Wojciechowski likiwa limeenea kwapa hadi kwapa. Basi yapuuzeni yote niliyoandika, na cherehani msije kuichukua, nimeizoea. Ile jezi ya Tessa nilitaka kuifumua nianze upya. Ameniruhusu kufumua shingo tu. Jina amenikataza nisiliguse, kwa kuwa majina ya wenzake, Bi. Marlys amesaidia, na hilo nimelishona mimi peke yangu.