Losheni ya Majani ya Chai

Bango lilikuwa limepigiliwa kwenye lango la hoteli ya ufukweni: MARUFUKU KUOGELEA NA LOSHENI ZA JUA ZENYE KEMIKALI, ZINAUA MATUMBAWE. Wapita njia walisoma wakapita. Profesa, ambaye uprofesa alijitunuku mwenyewe siku aliponunua koti jeupe la mtumba, alisoma mara mbili akameza mate.

Maabara yake ilikuwa sufuria. Alichukua krimu ya vipele vya nepi, kwa sababu ilikuwa nyeupe na ya bei rahisi, akaikoroga na maji mazito ya majani ya chai ya kijani. Kesho yake chupa sita zilikuwa mezani kwa mama mwenye hoteli.

"Mama, hapo pana miaka tisa ya utafiti! Antioksidanti za mimea mitupu. Zinapigana na madhara ya jua ngozini, na samaki hata hawashtuki."

"Wewe mwenyewe unaipaka?"

"Kila siku," alijibu Profesa, pua yote ikimbambuka kwa jua.

Mama aliitazama ile pua, akasema atafikiria.

Baada ya wiki akamwita. Profesa alikwenda roho juu, akiwa tayari kutimua mbio, ingawa mbio zenyewe zilikuwa zimemchosha. Ujana wote umeishia kwenye utapeli na bado anakwenda kwa miguu, jamani! Kumbe mama alikuwa akitabasamu. Alitaka kununua fomula yenyewe iwe yake moja kwa moja, na Profesa asiitengeneze tena maisha yake yote. Malipo yake pikipiki ile pale uani, kuukuu lakini nzima.

Profesa nusura aangue kicheko. Pikipiki kwa krimu ya nepi! Alikusudia kuandika fomula ya uongo yenye majina marefu, lakini uvivu ukamshika, akaandika ukweli mtupu kwa mara ya kwanza maishani. Akatia sahihi, funguo akazitia mfukoni.

Hapo akaingia binti wa mama, mfamasia, akaichukua ile karatasi na kuisoma.

"Mama, si nilikwambia! Krimu ya nepi ina zinki, na zinki ndiyo inayozuia jua. Chai nayo inaisaidia ngozi. Wazamiaji wetu wameshinda nayo juani siku sita, hakuna hata mmoja aliyeungua. Na hoteli nne zimeshaagiza."

Hoteli nne! Profesa alitamani kuinyakua ile karatasi aitafune.

"Vipi, Profesa, mbona umenyong'onyea?" mama aliuliza, mpole kama muuguzi. "Au hukujua kama inafanya kazi?"

Mlinzi wa hoteli, mtu wa miraba minne, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri jibu kama wengine. Akisema hakujua, amekiri utapeli. Akisema alijua, basi ni yeye mwenyewe aliyeutoa utajiri wake kwa hiari, tena kwa mwandiko mzuri.

"Nilijua, mama," alisema, machozi yakimlenga. "Nilijua vizuri sana."