Ombi la Kurudishiwa Mume Wangu Asiyesema

Kwa Mkuu wa Darasa la Jioni la Kuzungumza Mbele ya Watu,
Ghorofa ya juu ya duka la rangi.

Mheshimiwa Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni mke wa yule fundi bomba mrefu, mwenye kipara, anayekaa kiti cha mbele darasani kwako. Nakuandikia kwa heshima na bila hasira yoyote, ingawa kalamu hii ni ya pili. Ya kwanza nimeivunja.

Kusema kweli, tulimleta wenyewe. Wazazi wa mchumba wa binti yetu walipokuja kujitambulisha, baba wa kijana, ambaye ni wakili, alizungumza mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Mume wangu alipopewa nafasi ya kujibu alisimama, akasema, "Karibuni," akaketi. Binti yetu aliona aibu, akamwandikisha kwako ili siku ya harusi baba yake naye aseme maneno ya maana. Tuliomba maneno ya siku moja, Mheshimiwa. Mmetupa ya maisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani mume wangu alikuwa akiamka, anakunywa chai, anaenda zake. Siku hizi anasimama kwenye mlango wa jikoni, anakohoa kidogo, anasema, "Wapendwa wanafamilia." Binti yetu ni muuguzi, saa hizo hajatoka zamu. Wanafamilia ni mimi na paka. Ananitazama mimi, anamtazama paka, kwa kuwa mmemwambia asimbague msikilizaji yeyote. Paka amehamia kwa jirani.

2. Nikimuuliza kama chumvi imezidi, anajibu, "Mke wangu, suala hili lina sehemu tatu." Chumvi haina sehemu tatu. Imezidi au haijazidi.

3. Mmemkataza kuficha mikono mifukoni, eti aitumie kufafanua. Ushauri huo unamfaa mtu mwenye mikono mitupu. Mume wangu anatembea na spana. Juzi alikuwa ananieleza jinsi maji yanavyopanda ghorofani. Alipofika kwenye "yanapanda," taa ya sebuleni ikapasuka.

4. Hili ndilo lililonichosha. Bomba lilipasuka jikoni mwa shule ya chekechea, akaitwa haraka. Alikuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mpishi ameng'ang'ania sufuria zisielee, watoto wanapiga kelele za furaha. Mume wangu akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuanza, "Nilipokuwa mdogo, karibu na nyumba yetu palikuwa na kisima." Naambiwa ninyi ndio mnaofundisha kwamba mazungumzo mazuri huanza na kisa. Mpishi akamkatiza, "Fundi, funga maji kwanza!" Yeye akatabasamu, akamwambia, "Swali zuri sana. Nitalifikia."

Watoto walirudishwa nyumbani wakiwa wamebeba viatu mikononi. Sasa mtaa mzima unamwita Bwana Nitalifikia, na shule imepata fundi mwingine, ambaye nasikia hata salamu hajibu. Mpishi anamsifu kila ninapokutana naye.

5. Mmemwambia amtazame kila mtu machoni. Mama mwenye nyumba, ambaye ni mjane, siku hizi anapaka wanja akija kuuliza habari za mfereji. Hapa sina la kuongeza.

6. La mwisho linanihusu mimi. Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima nasikiliza wateja: huyu amenenepa, yule anasema nguo ndiyo iliyopungua. Jioni nilikuwa na mtu mmoja wa kunyamaza naye. Yeye alikuwa akisugua spana zake, mimi nikifumua pindo, na kwa jinsi alivyoweka kikombe tu nilijua kama amechoka au kama amefurahi. Sasa kuchoka kwake kuna utangulizi, kiini na hitimisho, kisha ananiuliza kama nina maswali. Siku ya kwanza nilikuwa na swali. Sijarudia tena.

Harusi ni Jumamosi. Nimeichungulia hotuba yake: inaanza na kisima, na kufika ukurasa wa nne bado hajateka maji. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba umwite umwambie kwamba amefeli. Kama utaratibu wenu hauruhusu kumfelisha mwanafunzi anayewapendeza, basi fungueni darasa la kunyamaza, naye awe wa kwanza kuandikishwa. Mtu aliyeweza kulifundisha jiwe kusema hawezi kushindwa kulituliza.

Nisalimie walimu wote, na yule mlinzi wa ngazini, na mkeo pia, ukipata nafasi ya kumsikia akiitikia.

Ni mimi, mwenye masikio yaliyochoka,

Mke wa fundi bomba

Tanbihi: Pilikapilika za harusi zilinizuia kuituma barua hii, na imebidi niongeze machache. Jumamosi wakili alizungumza mpaka watoto wakalala chini ya meza. Kisha akaitwa mume wangu. Alisimama, akakunjua karatasi zake, akamwona binti yetu katika gauni nililomshonea. Akazikunja tena. Akasema, "Mwanangu, nyumba itakuwa kimya." Akaketi.

Ukumbi mzima ulilia. Wakili alilia kwa sauti kuliko watu wote, akaja kumkumbatia mume wangu na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakosa la kusema.

Tatizo ni kwamba alisema kweli. Tangu tumerudi nyumbani hajahutubia hata mara moja. Chumba cha binti kiko wazi, na cherehani yangu inasikika mpaka barabarani. Jana jioni nilimuuliza makusudi habari za kazi. Akasema, "Nzuri." Nikamsubiri aendelee, mpaka nikaona ameshalala.

Kwa hiyo ombi langu la hapo juu lifute. Kama mna darasa la pili, mpokeeni, hata kesho. Na mkiweza, mumpe mazoezi mengi ya kufanyia nyumbani. Msikilizaji yupo.